Vilengeo vya usiku humulika bastola, si aliye mbele yake

GIZA likitanda, Voi hailali. Malori ya masafa marefu hupita usiku kucha kwenye barabara kuu ya Nairobi-Mombasa, wahudumu wa bodaboda husubiri wateja kando ya lami, nao wakulima wa Sagalla, Ndara na Maungu hukesha mashambani wakitega sikio kama kuna tawi linalovunjika upande wa mbuga.

Ni katika mazingira haya ambapo raia aliye na bastola ya leseni hujiuliza swali linaloonekana kuwa la kiufundi tu: je, aiwekee bastola yake ndogo vilengeo vinavyong'aa gizani?

Vilengeo ni vile vinundu vilivyo juu ya bastola, kimoja mbele na kingine chenye pengo nyuma, ambavyo mpigaji huvilinganisha kwa jicho ili risasi iende anakotaka. Mchana huonekana bila shida. Usiku vyote huwa weusi juu ya weusi, na hapo ndipo biashara ya vilengeo vya usiku hupata wateja.

Hata hivyo, swali hilo si la mwenye bastola peke yake. Linamgusa mtoto anayerudi kutoka chooni saa nane za usiku, jirani anayebisha hodi kuomba msaada, mchungaji anayetafuta mbuzi aliyepotea, na serikali iliyotoa leseni. Kilengeo kinachong'aa humwonyesha mpigaji ilipo bastola yake. Hakimwonyeshi ni nani aliyesimama mbele yake.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha mjadala wa usalama wa usiku katika kaunti ya Taita Taveta, na inastahili kuchambuliwa kwa makini kabla ya mtu kufungua kibeti.

Hofu yenye sababu

Itakuwa makosa kuwabeza wanaoogopa usiku katika sehemu hii ya nchi. Kaunti ya Taita Taveta ina eneo la takriban kilomita 17,000 mraba, na zaidi ya asilimia 60 ya ardhi hiyo imo ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Watu 340,671 waliohesabiwa katika sensa ya 2019 wanagawana sehemu iliyosalia na ranchi, mashamba ya mkonge, machimbo ya vito, reli mbili na barabara kuu.

Wanyama nao hawasomi ramani. Sensa ya wanyamapori ya 2021 ilipata ndovu 36,280 kote nchini, na karibu 15,000 kati yao walikuwa katika eneo pana la Tsavo. Yaani takriban ndovu wanne kati ya kila kumi wa Kenya wanaishi jirani na watu wa Voi, Mwatate na Taveta. Ndovu hupenda kuingia mashambani usiku, wakati mkulima haoni na wao hawaonekani.

Kuna pia hofu ya binadamu. Biashara ya vito, hasa tsavorite ambayo jina lake limetokana na Tsavo, imevuta fedha na uhasama kwa pamoja. Mnamo Agosti 2009, mwanajiolojia Campbell Bridges, aliyeivumbua tsavorite, aliuawa na kundi la watu waliomvamia karibu na machimbo yake katika kaunti hii kufuatia mzozo wa muda mrefu kuhusu haki ya kuchimba.

Aidha, mizozo kati ya wakulima na wafugaji wanaoingiza mifugo katika ranchi imekuwa ikizuka kila ukame unapobisha. Kituo cha polisi kinaweza kuwa mbali, barabara mbaya na gari la doria moja. Mtu anayeishi katika hali hiyo akifikiria silaha, hana wazimu.

Lakini hofu yenye sababu haimaanishi kwamba kila dawa ya hofu ina faida. Bridges aliuawa mchana kweupe, katika mzozo wa leseni na mipaka ambao ulikuwa umejulikana kwa miaka. Kilichokosekana pale hakikuwa bastola inayong'aa. Kilikosekana chombo cha kutatua mzozo kabla ya mikuki na mapanga kutolewa.

Sheria inasemaje

Nchini Kenya, raia hana haki ya moja kwa moja ya kumiliki bunduki. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, kumiliki bunduki au risasi bila cheti ni kosa la jinai. Cheti hutolewa baada ya mwombaji kuchunguzwa na kuridhisha wakuu kwamba ana sababu ya kutosha na kwamba hatahatarisha usalama wa umma.

Mnamo Desemba 2018, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Dkt Fred Matiang'i, aliwaagiza raia wote wenye bunduki wajitokeze kukaguliwa upya katika muda wa siku 90. Hatua hiyo ilichukuliwa baada ya kubainika kwamba baadhi ya vyeti vilikuwa vimetolewa kwa njia za mkato.

Sheria hiyo pia inasema kazi ya kuuza na kukarabati silaha ni ya wafanyabiashara waliosajiliwa. Hivyo basi, anayetaka kubadilisha vilengeo vya bastola yake hana ruhusa ya kumpelekea fundi wa baiskeli mwenye nyundo na tupa. Kazi hiyo ni ya duka lenye leseni, na ni busara kuhifadhi stakabadhi zake pamoja na cheti.

Kuhusu lini mtu anaweza kufyatua risasi, kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kujitetea au kutetea mali kutapimwa kwa misingi ya sheria ya kimila ya Uingereza. Kwa lugha nyepesi, mahakama itauliza maswali mawili: je, mtu huyu aliamini kwa dhati kwamba yumo hatarini, na je, nguvu aliyotumia ililingana na hatari hiyo?

Hakuna swali hata moja kati ya hayo linaloweza kujibiwa na mtu ambaye hakuona alikuwa akimpiga nani.

Jinsi vinavyofanya kazi

Vilengeo vya usiku vinavyotumika sana huwa na vibomba vidogo mno vya kioo vilivyojazwa tritiamu, ambayo ni aina ya haidrojeni yenye mnururisho. Ndani ya kibomba hupakwa unga unaong'aa. Mnururisho wa tritiamu hugonga unga huo usiku na mchana, nao hutoa mwanga hafifu bila betri wala kuchajiwa.

Teknolojia hii ilianza kuenea katika bastola za polisi wa Marekani katika miaka ya 1980, na baadaye ikaingia katika soko la raia. Leo kampuni kadhaa za Marekani na Israeli hutengeneza vilengeo vya aina hii kwa karibu kila bastola inayojulikana.

Jambo la kwanza ambalo mnunuzi hana budi kulijua ni umri. Tritiamu hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12.3 hivi. Kilengeo cha miaka 12 hutoa nusu ya mwanga wa awali, na cha miaka 25 hubaki na robo tu. Saa hiyo huanza kuhesabu tangu siku kibomba kilipojazwa kiwandani, si siku kilipotoka dukani. Anayeuziwa bastola iliyotumika aulize tarehe ya vilengeo kabla ya bei.

Jambo la pili ni mpangilio wa nuru. Muundo wa kawaida ni nukta tatu, moja mbele na mbili nyuma. Ubaya wake ni kwamba nukta zote zikiwa na rangi moja na mwanga sawa, mtu aliyetaharuki anaweza kuipanga nukta ya mbele nje ya zile mbili za nyuma na kuamini kwamba amelenga sawasawa, ilhali bastola imeelekea pembeni.

Kwa sababu hiyo, muundo unaopendelewa siku hizi ni kilengeo cha mbele chenye mwanga mkali na duara la rangi nyangavu, na cha nyuma chenye nukta hafifu zaidi au kisicho na nukta kabisa. Jicho huvutwa mbele, panapotakiwa. Rangi ya kijani huonekana vizuri zaidi gizani kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na rangi ambayo jicho la binadamu huihisi zaidi usiku.

Jambo la tatu linahusu udogo wa bastola yenyewe. Bastola ya kuficha kiunoni huwa na masafa mafupi kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma, mara nyingi sentimita 15 au chini ya hapo. Kosa la milimita moja tu katika kulinganisha vilengeo hivyo huisogeza risasi karibu sentimita saba katika umbali wa mita 10. Mkono ukitetemeka kwa hofu, kosa huwa kubwa kuliko hilo.

Jambo la nne ni umbo. Bastola ya kufichwa chini ya shati haihitaji vilengeo virefu vyenye ncha zinazonasa nguo. Vilengeo vipya vikishawekwa, lazima bastola ipelekwe uwanjani ikajaribiwe mchana, kwanza mita tano, kisha mita 10, ili mwenyewe ajue risasi inagonga wapi. Kuamini kwamba fundi amepata kila kitu sawa ni kujidanganya.

Zipo njia nyingine. Nyuzi za plastiki zinazokusanya mwanga hung'aa sana juani lakini huzimika gizani. Rangi inayohifadhi nuru huhitaji kumulikwa kwanza na kurunzi, na mng'ao wake hufifia kadiri muda unavyopita. Vioo vyenye nukta nyekundu huonekana vizuri lakini hutegemea betri, hugharimu zaidi na huhitaji mazoezi ya mara kwa mara.

Kuhusu afya, mnururisho wa tritiamu ni dhaifu na haupenyi ngozi. Hatari huja kibomba kinapovunjika na gesi kuvutwa ndani au kumezwa. Kikivunjika, fungua madirisha, toka nje na unawe mikono. Kilengeo kilichochakaa kisitupwe chooni wala kwenye jaa. Kinapaswa kurudishwa kwa muuzaji, kwani vifaa vyenye mnururisho nchini husimamiwa na Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia iliyoundwa kwa sheria ya 2019.

Kufikia hapo, jibu la kiufundi ni rahisi. Kwa mwenye bastola ndogo ya leseni, vilengeo vya tritiamu vyenye mbele angavu na nyuma tulivu ni chaguo la busara kuliko mengine. Tatizo ni kwamba jibu hilo linatatua sehemu ndogo tu ya usiku.

Somo la Tsavo, 1898

Taita Taveta ina kisa mashuhuri mno kuhusu kupiga risasi gizani, nacho kinajulikana duniani kote. Mnamo 1898, simba wawili waliwashambulia wajenzi wa reli katika kambi ya Tsavo, kaskazini mwa Voi. Mhandisi aliyekuwa akijenga daraja, John Henry Patterson, alikesha usiku baada ya usiku akiwasubiri.

Idadi ya waliouawa ingali inajadiliwa. Patterson mwenyewe aliwahi kutaja hadi watu 135, lakini utafiti uliochapishwa 2009, uliopima kemikali katika mifupa na nywele za simba hao, ulikadiria kwamba waliliwa watu wapatao 35.

Katika kitabu alichochapisha 1907, Patterson anaeleza jinsi yeye na daktari mmoja walivyojificha ndani ya behewa la mizigo gizani. Simba aliwarukia, nao wakafyatua kwa pamoja. Mwako wa risasi uliwapofusha macho. Asubuhi walikuta risasi moja imezama mchangani karibu kabisa na alama ya mguu wa simba. Simba mwenyewe alikuwa ametoroka.

Zingatia kwamba hao walikuwa watu waliojua kutumia bunduki, waliokuwa wamejitayarisha, na walijua kwamba kinachokuja ni simba. Bado walikosa katika umbali wa hatua chache.

Siku ya Desemba 9, 1898, bunduki nzito aliyoazima Patterson ilikataa kulia simba akiwa mbele yake. Usiku huo alikaa juu ya jukwaa la miti, simba akamzunguka kwa muda mrefu kabla ya kuonekana kama kivuli, ndipo akampiga. Wa pili aliuawa siku kama 20 baadaye.

Funzo la kisa hicho halipo katika ushujaa. Lipo katika mambo matatu ambayo hayajabadilika tangu wakati huo: jicho la binadamu huhitaji karibu nusu saa kuzoea giza, mwako wa risasi ya kwanza huliondoa zoea hilo mara moja, na silaha ambayo hujaijaribu huweza kukusaliti saa unayoihitaji.

Tena Patterson alikuwa na nafuu ambayo mkazi wa mtaa wa Voi hana. Juu ya jukwaa lake, kila kivuli kilichosogea kilikuwa cha simba. Katika ploti yenye familia sita na choo kimoja, kila kivuli kinachosogea huenda ni mtu unayemfahamu kwa jina.

Gharama ya kutotambua

Mifano ya kisasa ni ya kusikitisha zaidi. Usiku wa kuamkia Februari 14, 2013, mwanariadha Oscar Pistorius wa Afrika Kusini alifyatua risasi nne kupitia mlango wa choo uliofungwa nyumbani kwake Pretoria. Aliyekufa ndani alikuwa mpenzi wake, Reeva Steenkamp. Pistorius alijitetea kwamba alidhani ni mhalifu.

Mahakama ya Juu ya Rufaa ya nchi hiyo ilimpata na hatia ya mauaji mnamo Desemba 2015. Hoja ya mahakama ilikuwa nyepesi kueleweka: anayefyatua risasi nne katika chumba kidogo anajua kwamba aliye ndani, awe nani, anaweza kufa. Hakuna kilengeo kilichotengenezwa duniani ambacho kingemwonyesha kilichokuwa nyuma ya mlango ule.

Hapa kwetu, usiku wa Oktoba 23, 2022, mwanahabari wa Pakistan, Arshad Sharif, aliuawa kwa risasi za polisi katika kaunti ya Kajiado. Polisi walieleza kwamba walidhani gari lake ni jingine lililokuwa likitafutwa. Mnamo Julai 2024 Mahakama Kuu mjini Kajiado iliamua kwamba mauaji hayo yalikiuka sheria na kuagiza familia yake ilipwe fidia.

Ikiwa maafisa wenye sare, mafunzo na mawasiliano ya redio wanaweza kutoa maelezo ya aina hiyo mahakamani, je, mwenye duka aliyeamshwa usingizini na kishindo cha bati atakuwa na maelezo gani?

Ndiyo maana wakufunzi wengi huweka kurunzi mbele ya vilengeo. Kurunzi nzuri ya mkononi hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya vilengeo, haihitaji leseni, na hujibu swali la kwanza ambalo sheria huuliza: huyu ni nani? Kurunzi inayofungwa chini ya mtutu ina faida zake, lakini ina hatari moja kubwa. Ili kumtambua mwanao kwa kurunzi hiyo, ni lazima umwelekezee mtutu.

Sauti nayo ni kinga. Kuuliza “Nani huyo?” kwa sauti kubwa, kufunga mlango wa chumba, kuwakusanya watoto mahali pamoja na kupiga simu 999 au 112 ni hatua ambazo hazipotezi chochote. Risasi ikishatoka, haiitiki wito.

Bastola na ndovu

Wapo wanaosema kwamba katika vijiji vinavyopakana na mbuga, bastola ni ya kujikinga na wanyama. Hoja hii haina mashiko. Risasi ya bastola ndogo haiwezi kumwangusha ndovu mzima kwa njia ya kutegemewa. Inachoweza kufanya ni kumjeruhi, na ndovu aliyejeruhiwa ni hatari kwa kijiji kizima, si kwa aliyempiga tu. Isitoshe, sheria ya wanyamapori ya 2013 inatoa adhabu kali kwa anayeua wanyama walio katika hatari ya kuangamia.

Kilicho bora zaidi kimeshapatikana, tena hapa hapa Voi. Katika eneo la Sagalla, wakulima wakishirikiana na shirika la Save the Elephants wamezungushia mashamba yao mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya. Ndovu akigusa waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Utafiti wa miaka tisa uliochapishwa 2024 ulionyesha kwamba nyua hizo ziliwazuia hadi asilimia 86 ya ndovu waliokaribia mashamba katika misimu ya kilele cha mazao. Mkulima hupata pia asali ya kuuza.

Nyua hizo zina udhaifu wake. Ukame ukizidi, nyuki huhama na mizinga hubaki mitupu, na wakati huo huo ndovu huwa na njaa zaidi. Hata hivyo, ni kinga inayofanya kazi gizani bila kuhitaji mtu kuona wala kulenga.

Kwa upande wa simba, kijana Richard Turere wa Kitengela alijulikana duniani mnamo 2013 kwa kubuni taa zinazopepesa kuzunguka zizi la ng'ombe la babake, zikiwafanya simba wadhani kuna mtu anayetembea na kurunzi. Ubunifu huo umeigwa katika maeneo mengi yanayopakana na mbuga. Tena jibu lilikuwa taa, si risasi.

Pale ambapo kinga hizo hushindwa, sheria hiyo ya 2013 imeweka fidia ya Sh5 milioni kwa familia ya anayeuawa na mnyama na Sh3 milioni kwa anayepata ulemavu wa kudumu. Tatizo ni kwamba malipo hayo yamekuwa yakichelewa kwa miaka, na kila mwaka wa kuchelewa humsukuma mkulima mmoja zaidi kuamini kwamba serikali haipo na ni lazima ajitetee mwenyewe kwa lolote atakalopata.

Nini kifanywe

Shirika lenye makao yake Uswisi linalochunguza silaha ndogo ndogo, Small Arms Survey, lilikadiria kwamba kufikia 2017 raia wa Kenya walikuwa na bunduki zipatazo 750,000, nyingi mno zikiwa hazijasajiliwa. Walio na vyeti ni wachache sana kati ya hao. Kwa hivyo itakuwa si haki kuwatwika wamiliki halali mzigo wa uhalifu wote wa nchi.

Lakini kwa kuwa wao ndio wanaojulikana na ndio waliokubali kuchunguzwa, kwao ndiko serikali inaweza kuanzia. Ukaguzi ulioanza 2018 ulimuuliza mwenye bunduki yeye ni nani. Hatua inayofuata inafaa kumuuliza kama anaweza kutambua aliye mbele yake usiku.

Kwanza, mazoezi ya mwanga hafifu yawe sharti la kupata na kuhuisha cheti cha bastola. Mwombaji aonyeshe kwamba anaweza kutumia kurunzi kwa mkono mmoja, kutamka onyo, na kuamua kutofyatua pale anapoonyeshwa picha ya mtu asiye na silaha. Uamuzi wa kutofyatua ndio mtihani mgumu zaidi.

Pili, mafunzo hayo yafikishwe karibu. Chuo cha mafunzo cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Nchini (KWS) kipo Manyani, mwendo mfupi kwa gari kutoka Voi, na hufunza askari wanaofanya kazi usiku msituni. Hakuna sababu ya mwenye cheti wa Mwatate kusafiri hadi Nairobi kutafuta ujuzi ulio mlangoni pake, iwapo serikali itaamua kuweka utaratibu.

Tatu, serikali ya kaunti iendeleze taa za barabarani na zile za mulika mwizi katika vituo vya biashara, stendi za magari na njia za kuelekea stesheni ya reli ya kisasa. Taa moja ya mtaa humtambulisha kila apitaye kwa kila mkazi, aliye na bastola na asiye nayo. Vilengeo humhudumia mtu mmoja tu.

Nne, fidia za wanyamapori zilipwe kwa wakati, na nyua za nyuki na za umeme zipewe fedha za matengenezo, si za uzinduzi pekee. Mkulima anayelala usingizi hatafuti silaha.

Tano, mizozo ya machimbo na malisho isuluhishwe mapema na tume na mahakama zinazohusika. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kaunti hii imeshajenga kuta kadhaa kwa machozi.

Kwa mwenye cheti aliyekwisha kuamua, ushauri unabaki ule ule: nunua vilengeo vizuri kwa muuzaji aliyesajiliwa, angalia tarehe yake, vijaribu mchana, halafu ununue kurunzi na ujifunze kuitumia kabla ya bastola. Atakayefanya la kwanza na kuacha la mwisho atakuwa amejifunza kulenga vizuri zaidi asichokiona.